Kuhesabu Magari Bila Kuambiwa Gari Ni Nini

Njia panda ya Kanduyi, Bungoma, saa mbili asubuhi, siku ya kazi. Kutoka upande wa Webuye malori yanakuja kwa msururu kuelekea Malaba. Haya yamebeba kontena kutoka bandari ya Mombasa, yale ni matangi ya mafuta ya Uganda. Upande wa Chwele inatokea trekta inayovuta trela mbili za miwa kwenda kiwanda cha Nzoia, na nyuma yake watoto wawili waliosahau shule wanavizia muwa utakaolegea. Probox ya abiria inajipenyeza stejini kabla ya iliyotangulia kuondoka. Boda boda moja imempakia mama, mtoto na jogoo aliyefungwa miguu. Nyingine imebeba godoro la sita kwa sita. Mwendeshaji wake haonekani kabisa. Linaloonekana ni godoro lenye magurudumu, linakatiza barabara kuu inayounganisha nchi mbili. Mikokoteni ipo, baiskeli zipo, na ng'ombe wawili wanavuka kwa mwendo wao wenyewe.

Mtoto wa darasa la kwanza aliyezaliwa hapa akiambiwa ahesabu vinavyopita, atahesabu. Hata asichokijua jina atakihesabu, maana anaona wazi kwamba hiki ni kitu na kile ni kitu kingine. Kompyuta haikujaliwa hivyo. Ikiunganishwa na kamera, inachopokea ni vidoa vya rangi kwa mamilioni, yaani pikseli, vinavyobadilika mara nyingi kila sekunde. Hakuna kidoa kilichoandikwa kwamba ni cha godoro. Mpaka kati ya godoro na lori lililo nyuma yake haumo ndani ya picha. Ni anayetazama ndiye anayeuweka.

Kwa muda mrefu njia ya kuifundisha kompyuta kuweka mpaka huo ilikuwa kumtafuta binadamu, kumwonyesha picha, na kumwomba achore mzingo wa kila kitu na kuandika jina lake pembeni. Kazi hiyo ikirudiwa mara za kutosha, kompyuta hushika mtindo. Mwaka 2014 watafiti wa Microsoft na wenzao wa vyuo vikuu walichapisha mkusanyo uitwao COCO, wenye picha 328,000 na vitu milioni mbili na nusu vilivyochorwa mzingo kwa mkono. Wenyewe waliandika kwamba kazi yote ilikula zaidi ya saa 70,000 za watu, na kwamba kuchora vitu 1,000 kulichukua zaidi ya saa 22. Programu nyingi zinazotambua vitu hadi leo zimepitia katika mkusanyo huo au katika ndugu zake.

Sasa soma orodha ya COCO, ile ya aina 80 inayotumika siku zote. Baiskeli imo, pikipiki imo, gari, basi, lori na treni vimo. Twiga na pundamilia wamo, kwa hiyo Afrika imekumbukwa. Mbao za kutelezea thelujini zimo, tena za aina mbili. Kibaniko cha mkate kimo, mashine ya kukaushia nywele imo. Mbuzi hayumo. Punda hayumo. Trekta haimo, mkokoteni haumo, na tuktuk haimo. Programu iliyolelewa na orodha hiyo ikiletwa Kanduyi, ile trekta ya miwa itaiita lori au haitaiita chochote, na lile godoro barabarani pengine italiita kitanda, kwa kuwa kitanda kimo orodhani.

Kosa si la waliotunga orodha. Walitunga ya kwao. Tatizo ni kwamba orodha ya mtu mwingine hata iongezwe vipi haitamaliza vitu vya hapa, na kila kitu kinachoongezwa kinataka watu wengine wakae chini wachore mizingo upya. Kazi yenyewe tunaijua, imefika kwetu. Kampuni ya Sama, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008 kwa jina la Samasource, imewaajiri vijana wengi Nairobi wa kuzungushia mistari magari, watu na alama za barabarani katika picha za nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Kule Serengeti nako watafiti walitega kamera 225 za kunasa wanyama, wakajikuta na picha milioni 3.2. Takriban robo tatu yake hazikuwa na mnyama, kwa kuwa kamera zilishtuliwa na nyasi zilizopepea. Watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia ndio waliokaa kwenye kompyuta zao kuzichambua, moja baada ya nyingine.

Ndipo linapokuja swali ambalo kundi jingine la wanasayansi limekuwa likiliuliza: je, kompyuta inaweza kugundua vitu yenyewe, bila orodha na bila mchoraji? Isiambiwe gari ni nini, wala ng'ombe ni nini. Iachwe itazame barabara kwa siku kadhaa, kisha yenyewe iseme kwamba hapa kuna vitu vya namna hii na vya namna ile.

Jibu mojawapo lilitokana na barabara za hapahapa Kenya. Mwaka 2012 IBM ilitangaza kufungua maabara ya utafiti Nairobi, katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki. Miongoni mwa mambo iliyoyashughulikia ni msongamano wa magari. Jiji lilikuwa na kamera chache za wavuti zilizoonyesha baadhi ya barabara, na picha zake zilikuwa hafifu: ndogo, zenye ukungu, zilizopigwa kwa pembe mbaya. Kwenye picha za namna hiyo gari la mbali ni alama kama ya kidole kwenye kioo, na hata binadamu angepata taabu kuchora mzingo wake. Watafiti watatu wa IBM, Takayuki Katsuki, Tetsuro Morimura na Tsuyoshi Idé, waliamua kuacha kabisa kulitafuta gari. Walitafuta idadi peke yake.

Nitaeleza ujanja wao kwa mahindi, maana Kitale na Bungoma hakuna asiyeyajua. Chukua mizani ya ghala. Kila mara unapimwa mzigo uliofunikwa turubai, huruhusiwi kufunua. Mzigo wa kwanza una kilo 181. Wa pili una kilo 89. Wa tatu kilo 272, wa nne kilo 90 na ushei, wa tano kilo 178. Baada ya mizigo hamsini unaona namba zinajikusanya mahali mahali: karibu na 90, karibu na 180, karibu na 270. Hakuna aliyekuambia gunia ni nini wala lina uzito gani, lakini sasa unajua kuna kitu kimoja chenye kilo 90 kinachojirudia, na unaweza kusema kila turubai lina vingapi. Badala ya kilo, wale watafiti walitumia kiasi cha picha kilichofunikwa na kitu kisicho barabara. Picha zikiwa nyingi, viwango navyo hujikusanya kwa hatua zinazolingana, na kila hatua ni gari moja. Katika makala waliyoitoa mwaka 2016 walionyesha kwamba hesabu yao, isiyo na hata lebo moja, ilikaribia usahihi wa mbinu zilizofundishwa kwa picha zenye lebo.

Hawakuishia kwenye kamera moja moja. Kamera za Nairobi zilikuwa mbali mbali, na kati yake kuna mitaa mingi isiyotazamwa na yeyote. Waliichukua ramani ya barabara wakauliza: katika kila njia panda, magari yagawanyike kwa uwiano gani kushoto, kulia na mbele ili hesabu za kamera zote zikubaliane? Uwiano unaoridhisha hesabu zote kwa pamoja ndio unaokubaliwa, na kutoka hapo unapata makadirio ya magari hata kwenye barabara isiyo na kamera. Nalipenda sana jambo hili. Utafiti mwingi wa fani hii huanza kwa kudai vifaa vizuri. Huu ulianza na vifaa vibovu vya mji wetu, na ubovu huo ndio uliozaa mbinu mpya.

Hata hivyo mbinu hiyo ikiletwa Kanduyi itachechemea. Inataka hatua moja, kitu kimoja chenye ukubwa unaojirudia. Lori moja la Malaba linafunika picha zaidi kuliko boda boda nyingi zikiwekwa pamoja. Anayetaka kujua ni boda boda ngapi zinapita mbele ya malori, ambalo ndilo swali lenye damu ndani yake, hawezi kuridhika na jumla. Lazima kila kitu kitenganishwe na kingine.

Hapo wanasayansi waligeukia mwendo. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer, akiwa Ujerumani, aliandika kwamba jicho la binadamu huviunganisha vitu vinavyokwenda pamoja: vidoa vikisogea upande uleule kwa kasi ileile, tunaviona kuwa kitu kimoja. Miaka 60 baadaye, mwaka 1983, Philip Kellman na Elizabeth Spelke wakachapisha majaribio waliyowafanyia watoto wachanga wa miezi minne. Waliwaonyesha fimbo inayosogea nyuma ya ubao, juu inaonekana, chini inaonekana, katikati imefichwa. Walipokwisha kuizoea, ubao uliondolewa. Wengine walionyeshwa fimbo nzima, wengine vipande viwili vyenye pengo katikati. Watoto walivitumbulia macho zaidi vile vipande viwili, kana kwamba hawakuvitarajia. Fimbo ilipowekwa bila kusogezwa, tofauti hiyo haikuonekana. Mtoto ambaye hajui neno hata moja, aliyefungwa mgongoni kwa leso pale stejini, tayari anajua kwamba kinachokwenda pamoja ni kimoja. Hakuna aliyemchorea mzingo.

Kompyuta iligawiwa kipande cha ujuzi huo mwishoni mwa miaka ya tisini. Chris Stauffer na Eric Grimson wa chuo cha MIT, Marekani, walifunga kamera zikitazama eneo la chuo chao, wakaipa kila pikseli kumbukumbu yake ndogo. Pikseli inayotazama lami inakumbuka rangi ya lami kavu, rangi ya lami iliyolowa, na labda rangi ya kivuli cha mchana. Inayotazama mti inakumbuka rangi ya jani na rangi ya anga nyuma ya jani, kwa hiyo upepo ukivuma haishtuki. Rangi isiyomo kwenye kumbukumbu ikipita, kuna kitu. Pikseli jirani zikishtuka pamoja na shtuko lao likasogea pamoja, kitu hicho kina mwili na kina safari. Mbinu hiyo ina udhaifu ambao mtu wa Kanduyi angeutambua mara moja: Probox ikiharibika ikakaa palepale muda mrefu, pikseli huizoea, na kompyuta inaihesabu kuwa sehemu ya ardhi. Ikisukumwa, inagunduliwa upya.

Lakini sehemu bora ya kazi yao ni nyingine, na wengi huipita. Kompyuta yao haikujua inachokifuata ni nini. Ilijua jambo moja tu: kwamba kile kilichoingia kwenye picha upande huu na kutoka upande ule kilikuwa kilekile muda wote. Kikija mbele kina umbo hili, kikigeuka kina umbo lile, kikienda mbali kinakuwa kidogo, na maumbo hayo yote ni ya mmoja. Baada ya safari nyingi, maumbo yanayopatikana pamoja ndani ya safari moja yakaanza kujigawa makundi. Watu wakaangukia kundi moja, magari kundi jingine. Majina hayakuwapo. Kulikuwa na matabaka mawili ya vitu visivyofanana tabia.

Tuirudie njia panda sasa na kuifungia kamera tatu za kufikirika: moja inatazama upande wa Webuye, ya pili upande wa mjini Bungoma, ya tatu inatazama kutoka upande wa Chwele. Kwa nini tatu? Kwa sababu ya lori. Lori likisimama kupisha ng'ombe, kila kilicho nyuma yake kinafutika kwa kamera ya kwanza: boda boda nne, mama muuza ndizi anayevuka, na mwanafunzi. Kwa kamera hiyo watu hao wamekufa na kuzaliwa upya lori linapoondoka. Kamera ya tatu, iliyo ng'ambo, inawaona wote. Kama zingeweza kuzungumza, ya tatu ingeiambia ya kwanza kwamba yule boda aliyejitokeza sasa si mpya.

Ugumu ni kwamba haziongei lugha moja. Kinachoonekana kushoto kwa moja kiko kulia kwa nyingine. Moja inaona mgongo wa godoro, nyingine inaona ubavu. Huwezi kulinganisha rangi wala sura. Mwaka 1981 mwanasayansi Hugh Christopher Longuet-Higgins alikuwa ameonyesha katika jarida la Nature kwamba ukiwa na alama nane ambazo una hakika ni zilezile katika picha mbili, hesabu inaweza kukuambia kamera mbili zimekaaje, moja kwa nyingine. Lakini nani atakuhakikishia hizo alama nane ni zilezile? Kwa kawaida ni fundi, anayekwenda barabarani na bango lenye miraba na kulisimamisha hapa na pale mbele ya kamera.

Lily Lee, Raquel Romano na Gideon Stein, wa MIT vilevile, mwaka 2000 walitoa njia isiyohitaji fundi huyo. Waliviacha vitu vinavyopita vifanye kazi yake. Karibu kila kinachopita barabarani kinagusa ardhi, na ardhi ni moja kwa kamera zote. Kwa hiyo chukua nyayo za safari zilizoonekana na kamera ya kwanza na zile zilizoonekana na ya pili, kisha jaribu kuzilaza juu ya ardhi moja. Kwanza unakisia: labda safari hii ya huku ndiyo ile ya kule. Ukikosea, safari nyingine zote zinakataa, zinapishana, zinapita juu ya nyumba. Ukipatia, mamia ya safari yanalala juu ya mengine kwa mara moja, boda kwa boda, lori kwa lori. Kukubaliana huko kwa wengi ndiko ushahidi. Hata saa za kamera zikitofautiana, moja ikiwa nyuma ya nyingine, safari zenyewe zinasaidia kuzioanisha. Hakuna popote katika hesabu hiyo palipohitajika kujua boda ni nini.

Ile trekta ya miwa ndiyo mtihani wenyewe. Kamera inayoitazama usoni inaona donge moja. Kamera ya ubavuni inaona madonge matatu yanayofuatana: kichwa, trela, trela. Ni kitu kimoja au ni vitatu? Kwenye barabara iliyonyooka mwendo unasema ni kimoja, maana vyote vinakwenda sawa. Ikifika njia panda na kukata kona kuelekea Webuye, kichwa kinageuka kwanza, trela ya kwanza inafuata kwa kuchelewa, ya pili inachelewa zaidi na kukaribia kumpiga mtu pale kando. Sasa mwendo unasema ni vitatu vilivyoshikana. Na jioni kichwa kile kinarudi kikiwa peke yake, trela zimeachwa kiwandani. Kompyuta iliyotazama yote hayo inaweza kufikia hitimisho ambalo halimo kwenye orodha ya mtu yeyote: kuna kitu kinachovuta na vitu vinavyovutwa, na ni vitu vinavyotengana. Imelifikia kwa kutazama, kwa pembe zaidi ya moja, kwa muda mrefu. Kamera moja inayotazama usoni isingelifikia kamwe.

Miaka ya karibuni kazi hii imehamia kwenye mitandao ya nyuroni, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi. Mwaka 2020 Francesco Locatello na wenzake walitoa mbinu ambamo kompyuta hupewa nafasi chache tupu, tuseme saba, na nafasi hizo zinashindania pikseli za picha. Kila pikseli inakwenda kwa nafasi inayoieleza vizuri zaidi. Kisha kompyuta inatakiwa kuichora picha upya kutoka kwenye nafasi hizo pekee, na inaadhibiwa ikikosea. Njia nafuu ya kukwepa adhabu ni kukipa kila kitu nafasi yake. Mwaka 2021 Mathilde Caron na wenzake nchini Ufaransa waligundua kwamba mtandao uliofundishwa kwa picha zisizo na lebo yoyote ulianza wenyewe kuangaza mzingo wa mbwa, wa ndege, wa mashua, ingawa haukuombwa kufanya hivyo. Baadaye wengine walichanganya fikra hizo na picha za pembe nyingi, ili kila nafasi ishike kitu chenye mgongo na tumbo badala ya kivuli bapa.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Majaribio mengi ya kwanza yalifanywa kwenye dunia za kuchezea, zenye miraba na mipira ya rangi juu ya meza safi iliyochorwa na kompyuta. Barabara halisi ni habari nyingine. Usiku taa za lori zinatembeza mwanga mkubwa juu ya lami, nao mwanga huo unasogea kama kitu. Mvua ya alasiri, ambayo Bungoma haikosi, inageuza barabara kuwa kioo na kila gari linapata pacha wake kichwa chini. Abiria na boda ni kimoja mpaka ashuke. Kundi la ng'ombe kumi wanaotembea wamebanana linaweza kuhesabiwa kuwa mnyama mmoja mkubwa mwenye miguu isiyohesabika.

Na kuna makosa ambayo mimi sina hakika ya kuyaita makosa. Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu, kijana anatoka nyumbani akicheza na kengele za chinyimba mikononi, na nyuma yake linamfuata kundi la ndugu na majirani wanaoimba, wanakwenda kwa mjomba. Programu ya orodha ingeandika: watu arobaini. Programu isiyo na orodha ingeona mwili mmoja mpana unaosogea kwa mapigo mamoja, unaoziba barabara, unaosimama na kuendelea kwa pamoja, na ingeuandika kuwa kitu. Ukiniuliza, hiyo ya pili imekaribia zaidi ukweli. Lakini ingeuandika kwa namba, kundi la kumi na nne au la tisini. Kusema ni nini, na kwamba malori yangoje, ni kazi ya mtu wa Kanduyi.

Hapo ndipo naona faida yetu katika sayansi hii. Kompyuta ikishakusanya vitu vinavyofanana katika mafungu, binadamu halazimiki kuchora mizingo elfu. Anatazama fungu mara moja na kulipa jina. Kazi ya mwezi inakuwa ya alasiri moja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, waliokaa mwendo mfupi kutoka hapo, wangeweza kutazama mafungu ya njia panda yao na kusema: hii ni trekta ya miwa, hili ni godoro, hii ni chinyimba, hawa ni watoto wa kuvizia muwa, tena hawa ndio tunaotaka kujua wanakaribiaje magurudumu. Bei yake tuitaje pia. Kazi ya kuchora mizingo inayowalisha vijana wengi Nairobi itapungua kadiri mbinu hizi zinavyokomaa, na wanaotangaza ajira za kidijitali wanapaswa kuliweka hilo wazi.

Linabaki suala la nani anatazama. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya mfumo wa mawasiliano ya usalama uliojumuisha kamera takriban 1,800 katika Nairobi na Mombasa, na miji midogo nayo inazitaka zake. Wauzaji wa mifumo watasema yao ni salama kwa kuwa haimtambui mtu, haina majina, haina nyuso. Msomaji aliyefika hapa anajua udhaifu wa maneno hayo. Mfumo usiojua jina lako unajua kwamba kitu kilekile kilichotoka upande wa Chwele alfajiri ndicho kilichorudi saa nne usiku, na kwamba jana kilifanya vivyo hivyo. Kamera zikiwa nyingi na zikishajipanga zenyewe juu ya ardhi moja, safari yako nzima inashonwa bila jina, na jina linaweza kubandikwa baadaye kwa dakika moja.

Sheria tunayo. Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo katika kifungu cha 31, inadai tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza kuchakata data inayoweza kuhatarisha haki za watu, na ripoti iwasilishwe siku 60 kabla ya kazi kuanza. Basi siku zabuni ya kamera za njia panda itakapotangazwa, usiulize bei kwanza. Nenda kwenye kikao cha maoni ya umma, uulize mambo mawili: mfumo huu umefundishwa kwa orodha ya nani, na ripoti ya tathmini iko wapi tuisome?